WAJENGAO NYUMBA MOJA WASIGOMBEE FITO

Mkulima anayefikishwa katika hospitali ya rufaa akiwa amebebwa kwenye machela hajui mpaka uliopo kati ya Hospitali na Chuo. Hajui kwamba daktari aliyesimama upande wa kulia wa kitanda chake ni mtumishi wa Wizara ya Afya, na kwamba yule wa upande wa kushoto, aliyevaa koti jeupe vile vile, ni mhadhiri ambaye mshahara wake hupitia fungu la Elimu. Hajui kwamba kijana anayemwandika maelezo ni mwanafunzi, wala kwamba yule aliyekesha naye usiku kucha ni daktari mtarajali ambaye hajapata bado cheti cha kudumu cha kazi yake. Ajualo yeye ni moja tu: kwamba anaumwa, kwamba amefika katika nyumba ya Serikali yake, na kwamba nyumba hiyo ilijengwa kwa jasho lake.

Laiti sisi tuliosoma tungekuwa na hekima ya mkulima huyo! Kwani sisi ndio tuliochora mpaka ambao yeye hauoni. Sisi ndio tuliojaza makabati kwa barua za kuulizana ni nani mwenye wodi, ni nani mwenye darubini, ni nani atakayelipa umeme wa chumba cha mihadhara kilichomo ndani ya jengo la hospitali, na ni nani atakayejibu mgonjwa akidhurika mikononi mwa mwanafunzi. Na wakati barua zinapokwenda na kurudi, mgonjwa yuko kitandani, na mwanafunzi yuko mlangoni, kila mmoja akimngoja mkubwa ambaye yuko mkutanoni.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuieleza, ingawa ni ngumu kuitekeleza. Hospitali ya umma na chuo cha udaktari ni chombo kimoja chenye kazi mbili: kumtibu mwananchi wa leo na kumwandalia tabibu mwananchi wa kesho. Kila anayekipasua chombo hicho vipande viwili ili apate ukubwa juu ya kipande kimoja, anamnyang'anya mwananchi haki yake, hata kama anafanya hivyo kwa jina zuri la utaalamu, au la ufanisi, au la uhuru wa kitaaluma.

TULIKOTOKA

Yafaa tukumbushane tulikotoka, maana msahaulifu hudanganywa kirahisi. Ulipofika Uhuru mwaka 1961, Tanganyika haikuwa na chuo chochote cha kufundishia madaktari wa shahada. Hospitali kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa imepewa mwaka 1956 jina la binti wa mfalme wa Uingereza, Princess Margaret, lakini katika jengo hilo lenye jina la kifalme hakuna mtoto wa Mtanganyika aliyeweza kuingia mwanafunzi akatoka daktari. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, ambako mafunzo ya uganga yalianza mwaka 1924 kando ya hospitali ya Mulago. Mwalimu Nyerere alipata kukumbusha kwamba tulianza Uhuru tukiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kumi na wawili, kwa nchi nzima!

Taifa halikukaa kulia. Mwaka 1963 ilianzishwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam. Mwaka 1968 shule hiyo ikapandishwa daraja, ikawa Kitivo cha Tiba chini ya Chuo Kikuu. Mwaka 1976 Kitivo kikaunganishwa na Hospitali ya Muhimbili, na kwa pamoja vikawa Kituo cha Tiba cha Muhimbili. Maana ya hatua ile ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana kwenye karatasi: mahali pa kutibia na mahali pa kufundishia pakawa mahali pamoja, chini ya uongozi mmoja. Mwaka 1991 upande wa mafunzo ukafanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya. Kisha mwaka 2000, kwa Sheria ya Bunge, Kituo kikavunjwa, na mahali pake pakawa na taasisi mbili zinazojitegemea: Hospitali ya Taifa upande huu, na Chuo upande ule. Mwaka 2007 Chuo hicho kikapata hati yake na kuwa Chuo Kikuu kamili cha Afya na Sayansi Shirikishi.

Kwa hiyo katika muda usiofika nusu karne tumeposa, tumeoa, na tumepeana talaka. Lakini talaka yenyewe ilikuwa ya ajabu: tuliwaachanisha wawili hawa, kisha tukawaacha walale chumba kile kile, wapike jiko lile lile, na walee watoto wale wale. Chuo hakiwezi kuhama, kwa kuwa mwanafunzi wa udaktari hafundishwi kuzalisha kwa ubao na chaki. Hospitali haiwezi kumfukuza mwenzake, kwa kuwa wengi wa mabingwa wanaopita wodini mwake ni wahadhiri wa Chuo, na wengi wa vijana wanaoshika zamu za usiku ni wanafunzi wake wa shahada ya uzamili. Tukaongeza na majirani: mwaka 1996 ikazaliwa taasisi ya mifupa, mwaka 2015 ikazaliwa taasisi ya moyo, kila moja katika uwanja ule ule, na kila moja ikiwa na mkurugenzi wake na bodi yake. Taasisi hizo zimefanya kazi ya kusifiwa, wala hatuandiki haya kuzibeza. Tunauliza tu: manahodha wanapozidi kuwa wengi katika jahazi moja, ni nani anayetazama mawimbi?

Wapo watakaojibu kwamba muungano wa mwaka 1976 ulishindwa, na kwa hiyo mwaka 2000 haukuwa na njia nyingine. Wasomi hao wana haki ya kusema, lakini na waseme yote. Miaka iliyofuata 1976 ilikuwa miaka ya vita vya Kagera, ya mafuta ya bei ghali, ya ukosefu wa fedha za kigeni, na ya stoo za dawa zilizobaki na vumbi. Hakuna hospitali nchini iliyostawi katika miaka ile, iwe na chuo au isiwe nacho. Kuusingizia muungano makosa ya uhaba ni sawa na kuilaumu ndoa kwa sababu mvua haikunyesha.

FUNZO LA MLOGANZILA

Kama historia ya zamani haitoshi, tuitazame ya juzi. Huko Mloganzila, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, Taifa lilijenga, pamoja na mkopo wa Korea ya Kusini, hospitali kubwa yenye vitanda zaidi ya 500. Nia iliyotangazwa ilikuwa safi: Chuo Kikuu cha Muhimbili kipate hospitali yake ya kufundishia, yenye vifaa vya kisasa, ili kisiendelee kuwa mpangaji katika nyumba ya mwenzake. Ilizinduliwa rasmi na Rais Magufuli tarehe 25 Novemba 2017. Kabla ya mwaka kutimia, katika mwaka 2018, Serikali iliamua usimamizi wa hospitali hiyo utoke Chuoni uende kwa Hospitali ya Taifa.

Uamuzi ule ulikuwa na sababu. Kuendesha hospitali ya vitanda 500 si kazi ya ziada ya baraza la chuo. Kunahitaji dawa za kila siku, wauguzi wa kila zamu, maji, oksijeni, mochwari, kufua mashuka, na kujibu malalamiko ya ndugu wa wagonjwa saa nane za usiku. Chuo kikuu hakikuumbwa kwa ajili hiyo. Anayedhani kwamba profesa hodari wa upasuaji ni lazima awe hodari wa kuagiza sabuni za kufulia, huyo hajawahi kuongoza hata zahanati.

Lakini uamuzi ule haukufuta swali la kwanza, na hapa ndipo wengi tulipolala. Kama Chuo hakiwezi kuendesha hospitali, na kama mwanafunzi hawezi kufundika nje ya hospitali, basi Hospitali inayokabidhiwa vitanda inakabidhiwa na wanafunzi pia. Haikupokea majengo matupu. Imepokea amana. Na amana haitunzwi kwa hisani ya mkurugenzi aliyepo, ambaye kesho atahamishwa. Hutunzwa kwa mkataba unaojulikana, wenye vifungu vinavyosomeka, na wenye mtu wa kuulizwa unapovunjwa.

Ndiyo maana tunawakataa wale wa upande wa kwanza wanaosema dawa ni kila chuo kijengewe hospitali yake. Nchi hii haina fedha za kujenga hospitali mbili kila mahali, moja ya kutibia na moja ya kufundishia, na hata ingekuwa nazo, huo ungekuwa ufujaji. Vile vile tunawakataa wale wa upande wa pili wanaosema hospitali ibaki na wagonjwa wake na chuo kibaki na wanafunzi wake. Hao wanataka kumfundisha mtu kuogelea nchi kavu.

KASUMBA TATU

Tukichimba chini ya ugomvi huu wa fito tutakuta kasumba tatu, na ni vizuri tuzitaje kwa majina yake.

Kasumba ya kwanza ni ya wakubwa wa hospitali wanaomwona mwanafunzi kuwa ni adha. Kwao, mwanafunzi huchafua wodi, hupoteza faili, humchelewesha daktari, na huuliza maswali yasiyokwisha. Tuwaulize ndugu hawa: wao walijifunzia wapi? Je, walizaliwa wakiwa mabingwa? Kila bingwa aliyepo leo alipata kuwa kijana aliyeshika sindano kwa mkono unaotetemeka, na mgonjwa mmoja maskini, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alimvumilia. Deni lile halilipwi kwa mgonjwa yule. Hulipwa kwa kumvumilia kijana wa leo.

Isitoshe, maswali hayo yasiyokwisha ndiyo uhai wa hospitali. Pale Mulago, Dakt. Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya ulioua watoto wa Kiafrika, na ugonjwa huo ukapata kujulikana dunia nzima. Aliugundua akiwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya umma iliyokuwa bega kwa bega na shule ya udaktari. Hapa kwetu, mpango wa selimundu ulioanzishwa Muhimbili mwaka 2004, chini ya uongozi wa Julie Makani ambaye sasa ni profesa, uliwaandikisha na kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa, hata ukahesabiwa miongoni mwa mipango mikubwa ya namna yake ulimwenguni. Mpango huo haukuwa wa hospitali peke yake, wala wa chuo peke yake. Hospitali ilikuwa na wagonjwa na kliniki, chuo kilikuwa na watafiti na maabara. Ungetenganisha viwili hivyo, ungebaki na watoto wanaoumwa upande mmoja na karatasi za maswali upande wa pili.

Kasumba ya pili ni ya wakubwa wa chuo wanaomwona mgonjwa kuwa ni kifaa cha kufundishia. Tuiseme wazi kasumba hii, maana imefichwa nyuma ya adabu ya kitaaluma. Mama mjamzito anazungukwa na vijana ishirini, anafunuliwa shuka bila kuulizwa, anaguswa na mmoja baada ya mwingine, na anazungumzwa mbele yake kwa Kiingereza kana kwamba ni gogo. Baada ya somo wote wanaondoka, na hakuna aliyemwambia jina lake wala kumweleza ugonjwa wake. Mgonjwa si ubao wa kuandikia! Ni mwananchi, na tena ni mwalimu wa kwanza wa kila daktari. Chuo kinachomfundisha kijana kutambua ugonjwa wa moyo lakini hakimfundishi kumwamkia mzee mwenye moyo huo, kimetoa fundi, hakikutoa tabibu.

Kasumba ya tatu ni mpya kidogo, na kwa sababu hiyo ni ya hatari zaidi. Ni kasumba ya stakabadhi. Tangu kuanza kwa uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma mwaka 1993, hospitali zetu zimezoea kuhesabu mapato. Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, nayo ni hatua ya heri kwa mnyonge, kwa kuwa ikitekelezwa vema itamwondolea mwananchi aibu ya kuuza ng'ombe ili apasuliwe. Lakini tuangalie vizuri. Bima hulipia kipimo, hulipia dawa, hulipia upasuaji. Bima hailipii dakika ishirini ambazo daktari bingwa anazitumia kumwelekeza mwanafunzi jinsi ya kusikiliza pafu. Katika hesabu ya stakabadhi, daktari anayeona wagonjwa arobaini kwa siku bila kumfundisha mtu ni hodari, na yule anayeona ishirini akiwafundisha vijana watano ni mzembe. Tukiiacha hesabu hiyo itawale, baada ya miaka ishirini tutakuwa na hospitali zenye mapato mazuri na zisizo na daktari wa kurithi.

USIKU WA DAKTARI MTARAJALI

Ili msomaji asidhani kwamba tunazungumza juu ya vyeo na fahari tu, tumtazame daktari mtarajali. Huyu amemaliza miaka mitano ya chuo, na sheria inamtaka afanye kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa. Neno muhimu hapo ni uangalizi. Lakini ni nani amwangalie? Chuo husema: kijana huyu amekwisha kuhitimu, si wetu tena. Hospitali husema: kijana huyu hajaajiriwa, si wetu bado. Basi usiku, anapoletwa mama aliyetokwa damu nyingi, kijana huyu asiye wa mtu yeyote ndiye anayekuwa Serikali, ndiye anayekuwa Hospitali, na ndiye anayekuwa Chuo. Akiokoa maisha, pongezi ni za taasisi. Akikosea, kosa ni lake peke yake.

Hatujasahau kwamba mwaka 2012 nchi yetu ilitikiswa na mgomo wa madaktari, na kwamba cheche ya mwanzo ilitokana na madai ya posho za madaktari watarajali wa Muhimbili. Gazeti la Chama haliwezi kumsifu daktari anayemwacha mgonjwa kitandani; kiapo cha uganga hakina likizo. Lakini kiongozi mwenye busara hazimi moto akaiacha cheche. Cheche yenyewe ilikuwa hii: watu waliokuwa wakifanya kazi ya umma, katika nyumba ya umma, walikosa baba wa kumwendea. Yatima asipolishwa na baba wala na mjomba, siku moja atapiga kelele sokoni.

TUSIIGE KWA KUFUMBA MACHO

Wataalamu wetu hupenda kututajia mifano ya ng'ambo. Hutuambia kwamba ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 huko Marekani ilitaka chuo cha udaktari kishikamane na chuo kikuu na kiwe na sauti katika hospitali ya kufundishia, na kwamba utaratibu huo ndio ulioinua udaktari wa Marekani. Ni kweli. Lakini wamalizie hadithi. Baada ya ripoti hiyo hiyo vyuo vingi vilifungwa, na katika vyuo saba vya udaktari vya Wamarekani Weusi vilibaki viwili tu, Howard na Meharry. Ubora uliopatikana kwa wachache ulilipwa na wengi waliokosa daktari. Taifa linaloamini usawa wa binadamu haliwezi kuiga ubora wa namna hiyo. Kwetu sisi, swali la kwanza juu ya hospitali ya kufundishia si jinsi inavyong'ara, bali ni wangapi wanaofikiwa na madaktari inaowatoa.

Tunayo mifano yetu wenyewe. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zote zilianza kazi mwaka 1971. Zote mbili zimelelewa na mashirika ya dini, zote zinapokea wagonjwa wa rufaa wa kanda zao bila kuulizana dhehebu, na zote zina watumishi wanaolipwa na Serikali. Juu ya hospitali hizo vimeota vyuo vya udaktari: Moshi mwaka 1997, na Mwanza mwaka 2003. Ikiwa Serikali na makanisa, wasio wa ukoo mmoja, wameweza kukaa chini wakaandikiana makubaliano ya nani alete nini, inakuwaje wizara mbili za Serikali moja zishindwe? Huko Dodoma nako, Hospitali ya Benjamin Mkapa imesimama katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo, miezi michache tu baada ya Muhimbili kuifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017. Miaka ya nyuma mgonjwa wa namna hiyo alisafirishwa kwenda India kwa fedha za kigeni. Kujitegemea katika tiba kunawezekana, lakini huanzia pale anayejua na anayejifunza wanaposimama mbele ya meza moja ya upasuaji.

LIFANYIKE NINI?

Kulalamika bila kupendekeza ni tabia ya barazani. Sisi tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kila hospitali ya umma inayopokea wanafunzi wa udaktari iwe na mkataba ulioandikwa na chuo husika. Mkataba utaje idadi ya vitanda vya kufundishia, idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, saa za mhadhiri kuwapo wodini, na nani anabeba dhamana mgonjwa akidhurika. Mkataba huo ubandikwe mahali pa wazi, usifungiwe katika kabati la katibu muhtasi.

Pili, idara moja iwe na mkuu mmoja. Haifai idara ya magonjwa ya watoto iwe na mkuu wa Hospitali anayepanga zamu na mkuu wa Chuo anayepanga masomo, kila mmoja akitoa amri kwa vijana wale wale. Mkuu awe mmoja kwa kazi zote mbili, atoke upande wowote, mradi apimwe kwa mambo mawili: wagonjwa wake wamepona, na wanafunzi wake wamejua.

Tatu, kazi mbili zilipwe kwa haki. Leo mhadhiri anayetibu hospitalini hupewa cheo cha bingwa wa heshima, na bingwa anayefundisha hupewa cheo cha mhadhiri wa heshima. Heshima ni kitu kizuri, lakini haipiki ugali. Anayefanya kazi mbili bila malipo ya pili atazipunja zote mbili, na jioni atakimbilia kliniki binafsi mjini. Hatumtetei anayekimbia, lakini ni wajibu wetu kuuziba mlango anaotokea.

Nne, gharama ya kufundisha iwe na fungu lake katika bajeti, lisiloguswa, lifuate mwanafunzi mahali anapofundishwa. Bima ilipie tiba; Taifa lilipie urithi wa tiba. Bila hivyo mkurugenzi wa hospitali atamwona kila mwanafunzi kuwa ni hasara, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Tano, na hili ndilo kubwa, mafunzo yatoke mijini. Tunazo hospitali za rufaa za mikoa, na tunazo hospitali za wilaya chini ya TAMISEMI. Kijana aliyefundishwa miaka yote mitano katikati ya mitambo ya Dar es Salaam, akipelekwa Liwale au Kibondo atajiona kuwa amefungwa gerezani. Lakini akipelekwa huko akiwa mwanafunzi, pamoja na mwalimu wake, akakaa miezi, akajifunza kuzalisha taa zinapokatika na kuamua bila kuwa na kila kipimo, atajua kwamba huko nako ni Tanzania. Na hospitali ya wilaya itakayopokea mwalimu na wanafunzi itapata ndani ya mwezi mmoja kile ilichokuwa ikikiomba kwa miaka: daktari anayejua, na macho ya vijana yanayoona uzembe na kuutaja.

Watakuwapo watakaosema kwamba hospitali za wilaya hazina vifaa vya kufundishia. Tunawajibu kwamba kitabu kikubwa cha udaktari ni malaria ya mtoto, ni uchungu uliopinda, ni kifua kikuu, ni mfupa uliovunjika kwa ajali ya pikipiki. Vitabu hivyo havikosekani katika wilaya yoyote. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuvisoma pamoja na mwanafunzi.

NENO KWA WATUMISHI NA WALIMU

Ndugu watumishi wa Serikali, sehemu kubwa ya maradhi haya iko mezani kwenu. Umangimeza hauonekani kwa darubini, lakini unaua. Barua inayokaa wiki sita kati ya wizara na wizara ikingoja sahihi ya kuhamisha mhadhiri mmoja ni wodi moja isiyo na mwalimu kwa wiki sita. Msijifariji kwamba ninyi hamgusi wagonjwa. Mnawagusa kila siku, kwa kalamu.

Nanyi walimu, ambao ndio mnaowatoa vijana katika madarasa ya sayansi mkawapeleka kwenye vyuo hivi, mna haki ya kuuliza mbegu yenu inapandwa wapi. Mlimfundisha mtoto wa mkulima fizikia na kemia katika darasa lenye vioo vilivyovunjika, akafaulu. Taifa likamlipia. Iwapo atafika wodini akakuta wakubwa wanagombana, akajifunza kwao kugombana badala ya kutibu, jasho lenu litakuwa limemwagika mchangani.

Wazee wetu walisema kwamba wajengao nyumba moja hawagombei fito. Hospitali ni nyumba ya wananchi. Chuo ni nyumba ya wananchi. Madaktari wa pande zote mbili walisomeshwa na wananchi. Fito tunazogombea hatukuzikata sisi, walizikata wao, wakazibeba kichwani, wakatukabidhi tuwajengee. Mkulima wetu bado yuko kwenye machela, mlangoni, anaitazama nyumba ambayo haijaezekwa. Tushike kazi.